Pombe, Usukani na Nusu Sekunde

Kuendesha gari ni kazi inayodai ushirikiano wa macho, ubongo, mikono na miguu kwa wakati mmoja. Dereva huona, hutambua, huamua, kisha hutenda. Na aghalabu muda alio nao kwa hayo yote hauzidi sekunde moja au mbili. Pombe huvuruga kila mojawapo ya hatua hizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Si ajali zote hizo zilizoletwa na ulevi, lakini ulevi ni mojawapo ya sababu zinazoweza kuzuiwa kabisa. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa hesabu zilizo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari.

Safari ya kileo mwilini

Kileo kilichomo katika bia, mvinyo, mbege au gongo ni kemikali moja, nayo ni ethanoli. Molekuli zake ni ndogo na huchanganyika na maji kwa urahisi, kwa hiyo hazihitaji kumeng'enywa kama chakula. Sehemu ndogo hupenya katika tumbo, na sehemu kubwa katika utumbo mwembamba, kisha damu huifikisha ubongoni baada ya dakika chache tu.

Miongoni mwa mambo yanayodhoofika mapema ni busara, tahadhari na uwezo wa mtu kujizuia. Kiasi kikizidi, msawazo wa mwili, macho na matamshi navyo huathirika waziwazi. Hapo ndipo penye hatari: akili ambayo dereva angeitumia kujipima huharibika kabla ya miguu kuanza kuyumba. Anaposema kwamba hajalewa, huenda hasemi uongo. Ameshapoteza uwezo wa kujua.

Hesabu ya chupa

Mwaka 1932 mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, alieleza njia ya kukadiria kileo kilichomo katika damu. Tuchukue chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5. Ndani yake mna mililita 25 za ethanoli, ambazo uzito wake ni gramu 20 hivi. Kwa mwanamume wa kilo 60, tunazidisha uzito wake kwa 0.68, kwa kuwa kileo hukaa zaidi katika maji ya mwili kuliko katika mafuta. Tunapata kilo 41 kwa makadirio. Gramu 20 zikigawanywa kwa kilo 41, jibu ni karibu miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu. Kwa mwanamke wa uzito huo huo kizidisho ni 0.55, na jibu hufikia 60.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha miligramu 80. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo kisichozidi 50, na 20 kwa madereva vijana. Basi chupa mbili zilizonywewa kwa haraka zinatosha kumvusha mwanamume wetu vikomo vyote hivyo. Aidha, hesabu hii ni ya wastani tu, wala haimpi mtu ruhusa ya kunywa kisha kuendesha. Kwa pombe za kienyeji hata makadirio ni shida: mnazi na ulanzi huendelea kuchacha baada ya kugemwa, hivyo wa asubuhi na wa jioni haulingani kwa ukali.

Ini halina haraka

Ini, kwa msaada wa vimeng'enya, hupunguza kileo kwa wastani wa miligramu 15 kwa saa kwa kila mililita 100 za damu. Dereva ambaye damu yake ina miligramu 150 saa sita za usiku, atakuwa na 60 hivi saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambapo huenda abiria wanapanda basi lake. Kahawa kali humfumbua macho, na maji baridi humstua, lakini hakuna kati ya hivyo kinacholihimiza ini. Wahenga wa mitaani husema kuwa pombe si chai, na katika hili fiziolojia inakubaliana nao.

Tofauti ya nusu sekunde

Sasa tugeukie fizikia. Gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Mtoto anaingia barabarani mita 50 mbele. Dereva mzima akichukua sekunde 1 kukanyaga breki, gari litakuwa limekwenda mita 20. Breki zikipunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, gari litahitaji mita 29 zaidi. Litasimama kwenye mita ya 49, na mtoto atasalimika.

Tuseme pombe imemchelewesha dereva kwa nusu sekunde tu. Breki zinaanza kushika kwenye mita ya 30. Zimebaki mita 20, nazo hazitoshi. Gari litamgonga mtoto likiwa bado na kasi ya karibu kilomita 40 kwa saa. Gari ni lile lile, na barabara ni ile ile.

Yatupasayo kufanya

Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Marekani alibuni chombo cha kupima kileo katika pumzi. Kilitumia potasiamu daikromati, ambayo rangi yake ya manjano hufifia inapokutana na ethanoli. Vyombo vya namna hiyo humsaidia askari, lakini askari hawezi kuwapo kila njia panda.

Kwa kuwa pombe hudhoofisha uamuzi, hatuna budi kuamua kabla ya kunywa. Ufunguo wa gari ukabidhiwe asiyekunywa kabla ya kifuniko cha kwanza kufunguliwa. Abiria akatae kupanda pikipiki au gari la mlevi, hata akiwa ndugu yake. Na wenye mabasi na malori wawapime madereva kabla ya safari ya alfajiri. Walimu nao wawape wanafunzi hesabu hizi, wakibadilisha uzito, idadi ya chupa na kasi ya gari. Kijana aliyekwisha kuikokotoa mwenyewe hesabu hiyo atakuwa na jibu siku atakapoambiwa, "Panda, mimi niko sawa."