Maziwa ya Mbarara, Kibali cha Nairobi

Maziwa yanayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa asilimia 60. Ya Uganda yakiingia Kenya hayapaswi kutozwa ushuru wa forodha hata shilingi. Hesabu hiyo ndiyo iliyovutia viwanda Mbarara, kikiwemo cha Pearl Dairy chenye nembo ya Lato: ng'ombe wako Ankole, wanywaji wako Nairobi.

Ushuru uliondoka, kibali cha kuingiza maziwa Kenya kikabaki. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 Kenya iliyazuia maziwa ya Lato na kukamata shehena. Upande wa pili, mpaka wa Gatuna wa kwenda Rwanda ulikuwa umefungwa tangu Februari 2019, na haukufunguliwa tena rasmi hadi Januari 2022. Kisha Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ikasitisha uingizaji wa maziwa ya unga ili kuwalinda wafugaji wake. Sababu hiyo si ya kubeza: mvua zikikolea, mfugaji wa Nyandarua naye huporomokewa na bei.

Lakini ng'ombe hangoji kibali. Maziwa yaliyokosa mnunuzi hukaushwa, lita nane hivi kwa kilo moja ya unga, na unga huo ukivuka bahari hukuta New Zealand na Ulaya zimekwishapanga bei. Hasara hushuka ngazi kwa ngazi. Kiwanda hukikata kituo cha kupozea, kituo humkata mfugaji, naye mfugaji hana wa kumkata ila kibarua wake. Wilayani Isingiro, kibarua huyo huenda akawa mkimbizi wa makazi ya Nakivale.

Makazi hayo, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Watutsi waliokimbia Rwanda, leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, zaidi ya watu 150,000. Hilo ni soko la jirani, lisilo na forodha. Bahati mbaya nalo linategemea uamuzi wa mbali. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao hadi asilimia 70, mwaka 2021 hadi 60. Mwaka 2023 wakimbizi wakapangwa kwa mafungu ya uhitaji, na fungu la mwisho likatoka kapa. Aliyenyimwa posho hanunui maziwa ya pakiti.

Jumuiya ilitunga sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya ushuru mwaka 2017, miaka miwili kabla ya shehena za Lato kukamatwa. Anayetaka kujenga kiwanda kipya Mbarara leo hana budi kuuliza kwanza kibali cha Kenya hudumu miezi mingapi, na nani anaweza kukifuta.