Baada ya sala ya Alfajiri, nusu saa ya haki ya mwili

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu Wata'ala), aliyetuumbia miili hii na kutukabidhi iwe amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake.

Kila alfajiri hapa Tukuyu, mwadhini hutukumbusha kuwa sala ni bora kuliko usingizi. Wanaoitika huacha blanketi zito, hutawadha kwa maji ya baridi ya mlimani, hupita kwenye ukungu na kusimama safuni. Dakika chache baada ya salamu, wengi wao wamekwisha kurudi chini ya blanketi lilelile. Huamka tena kwa haraka, hunywa chai wakiwa wamesimama, huita bodaboda, na kuanzia hapo siku nzima hupita wakiwa wamekaa. Wiki hii tunapenda kuzizungumzia dakika hizo zilizo kati ya sala na kazi, na sababu ya kuwa ngumu kuzitumia kwa mazoezi.

Jambo hili si dogo. Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti ndio tunaopokea taarifa za wagonjwa, kukusanya michango ya matibabu na kusimamia mazishi. Maradhi yanayotajwa mara kwa mara tunayajua sote: presha, kisukari, kiharusi. Baba anapopooza upande mmoja wa mwili, hauguzwi yeye peke yake. Duka hufungwa, ada ya shule hukosekana, mama huacha biashara yake awe muuguzi. Maradhi haya yana sababu nyingi, zikiwamo umri, urithi wa ukoo, chumvi, sukari na mafuta tunayokula. Umri na urithi hatuna mamlaka nao. Kuushughulisha mwili ni katika yale machache yaliyo mikononi mwetu.

Ni nani tunayemsemesha?

Mkulima wa Katumba anayechuma chai tangu asubuhi, au mama anayepanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, hana haja ya kuhubiriwa habari ya mazoezi. Kazi yake imekwisha kumtosheleza, na anachokihitaji zaidi ni mapumziko. Tunaowasemesha ni walimu, makarani, wenye maduka, mafundi cherehani na madereva, watu ambao riziki yao huwataka wakae kitako kutwa. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliovuka milima hii kwa miguu, na leo huita bodaboda kwa safari ya dakika kumi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Mwendo wa wastani ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako, lakini pumzi haikutoshi kuimba kaswida. Ukizigawa dakika 150 kwa siku tano unapata nusu saa kwa siku. Faida yake inaeleweka bila utaalamu mkubwa: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, mishipa hulegea, na moyo huzoea kusukuma damu bila kujitaabisha.

Hamasa huja baadaye

Wengi husema, "Nitaanza nikipata hamasa." Huku ni kungoja abiria kwenye kituo asichoshukia. Anapoamka tu, mwanadamu huwa na uzito wa akili na viungo, na kwa kawaida uzito huo hudumu kama robo saa hadi nusu saa kabla ya kuondoka. Mtu anayeamua jambo ndani ya muda huo, akiwa angali kitandani, ataamua kulala. Hiyo haimaanishi kuwa ni mvivu kwa tabia. Ameitisha shauri saa ambayo akili yake haijahudhuria.

Mwenye kusali Alfajiri amekwisha kuvuka kizingiti hiki. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa shetani humfunga mtu aliyelala mafundo matatu kisogoni. La kwanza hufunguka anapoamka na kumtaja Allah, la pili anapotawadha, la tatu anaposali, naye hupambazukiwa akiwa mchangamfu na mwenye nafsi njema. Asiyefanya hivyo hupambazukiwa mzito na mvivu. Basi anayetoka msikitini ameamka kikamilifu, damu inatembea, miguu imekwisha kuwa njiani. Gharama kubwa ameshailipa. Akirudi kitandani ataufunga tena uzito alioufungua, na kuamka kwa mara ya pili huwa kugumu kuliko kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana tunasema uamuzi ufanywe usiku. Viatu viwekwe mlangoni, sweta na mwavuli vitundikwe karibu, na nia iwe imekwisha kukata. Na usiku wenyewe uwe na mwisho. Abu Barza (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Anayekesha na simu hadi saa sita usiku, kisha akalalamika kuwa hana nguvu za asubuhi, mazoezi yake yamepotea kabla hajalala.

Saa ya Tukuyu

Ratiba zinazofaa Dar es Salaam hazitufai sisi bila kuzirekebisha. Tuko magharibi yake, na ingawa saa za ukutani ni zilezile, jua hutuchomozea takriban dakika 20 baada ya kuwachomozea wao. Mwezi Juni huchomoza karibu na saa 1:00 asubuhi. Mtumishi anayetakiwa ofisini saa 1:30 akisema angoje jua, hana muda uliobaki. Inambidi atumie mwanga hafifu ulio kati ya salamu na macheo: sala ya jamaa ikimalizika kama saa 12:10, atembee hadi saa 12:45, arudi kuoga na kunywa chai, na bado atafika kazini kwa wakati.

Mwezi Novemba mambo hubadilika. Jua huchomoza karibu na saa 12:15, Alfajiri husaliwa mapema zaidi, na kabla ya kazi hubaki zaidi ya saa moja. Lakini hapo ndipo mvua zinapoingia, nazo huendelea hadi Mei, katika mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kiangazi kina nafasi finyu pamoja na baridi kali, na masika yana nafasi pana pamoja na matope. Kila msimu huja na udhuru wake na fursa yake. Anayesubiri msimu usio na udhuru Rungwe, atasubiri maisha yake yote.

Siku ya mvua kubwa haina haja ya kupotea. Barazani au chumbani mtu anaweza kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka, au kupanda na kushuka ngazi kwa robo saa.

Hatua za kwenda na kurudi

Wapo watakaouliza, je, si bora kubaki msikitini na kumtaja Allah hadi jua lichomoze? Jambo hilo lina asili, kwani Jabir bin Samura (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akikaa mahali pake baada ya Alfajiri hadi jua lichomoze. Anayeweza kukaa na akae, wala mazoezi yasimtoe. Maneno yetu yanamhusu yule ambaye badala yake ni usingizi. Tena Bibi Aisha (r.a.) ametufahamisha kuwa Mtume (s.a.w.) alimtaja Allah katika nyakati zake zote. Nyuradi za asubuhi zinaweza kusomwa na mtu anayetembea, na kwa wengi ulimi huwa mwepesi zaidi njiani kuliko kwenye mkeka.

Aliye na nyumba umbali wa robo saa kutoka msikitini ana hazina asiyoijua. Kwenda na kurudi ni nusu saa, na kwa siku tano amefikisha zile dakika 150. Watu wa Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, Mtume (s.a.w.) aliwataka wabaki makwao, kwa kuwa hatua zao zinaandikwa. Hata hivyo tuchunge adabu: tumeamrishwa kuiendea sala kwa utulivu, bila kukimbia. Basi mwendo wa kwenda uwe wa sala, na mwendo wa kurudi uwe wa mazoezi, kwa haraka na kwa njia ndefu. Milima yetu itafanya kazi iliyobaki. Kupanda kilima kimoja cha Tukuyu kunamtosha moyo kuliko kuzunguka uwanja tambarare mara kadhaa.

Nusu saa ya baba isiwe mzigo wa mama

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Nusu saa hiyohiyo ndiyo mama huwasha moto, huchemsha maziwa, huamsha watoto na kutafuta soksi iliyopotea. Baba akitoka kwenda kutembea huku mzigo wote ukibaki jikoni, atarudi na afya nzuri katika nyumba yenye manung'uniko, na mazoezi hayo hayatadumu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Basi zigawanywe siku. Siku tatu baba atembee, siku tatu awe yeye mwenye kuwasha moto na kuvalisha watoto, na mama apate zamu yake.

Kwani presha na kisukari havichagui jinsia. Abu Daud amepokea habari ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na mkewe Aisha (r.a.): safari moja alishinda yeye Aisha, na safari nyingine Mtume. Mama anaweza kutembea na jirani zake wawili watatu katika vazi lake la stara, au kufanya mazoezi ndani ya ua pamoja na binti zake kwa kamba na mpira wa rede. Anayesema kuwa hilo si la wanawake, aangalie kwanza ni nani anayemuuguza wakati anapougua.

Na siku ya Jumamosi iwe ya familia. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa kupanda mnyama na mara kwa miguu. Sisi tumezungukwa na neema ambazo wageni huzifuata kutoka mbali: Ziwa Ngosi katika kasoko yake, Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, na Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960. Watoto wetu wazijue kwa nyayo zao.

Usalama kwanza

Barabara kuu ya Mbeya hadi Kyela hupitisha malori yaendayo mpaka wa Malawi usiku na mchana. Katika ukungu, dereva anaweza asikuone hadi umefika mbele ya taa zake. Tumia njia za mitaani. Ikikubidi kupita barabarani, tembea upande wa kulia ili uyatazame magari yanayokuja, nawe uwe umevaa nguo nyeupe. Kanzu ya sala au kofia nyeupe husaidia. Viatu viwe na nyayo zenye meno, kwani udongo wetu ukilowa huteleza.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amuone kwanza mganga hospitalini, hasa anayetumia dawa za kushusha sukari, asije akaishiwa nguvu njiani kabla hajala. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi si mambo ya kuvumilia. Simama na utafute msaada.

Wawili hawaachani

Kila tarehe 1 Januari ndugu zetu wa Zanzibar hujitokeza kwa wingi katika siku yao ya mazoezi. Bara nako, Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ni mambo mema. Lakini siku moja ya mwezi huamsha furaha, na mwili hujengwa na siku zilizobaki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo.

Kinachodumisha jambo ni wenzako. Mji huu uliwahi kutoa Tukuyu Stars, mabingwa wa ligi ya taifa mwaka 1986, na hakuna mchezaji anayefika huko kwa kujifanyia mazoezi peke yake. Watu watatu au wanne wa mtaa mmoja waagane msikitini. Asiyeonekana siku mbili apitiwe nyumbani. Huenda anaumwa, na huko kumjulia hali ni ibada nyingine. Njiani mtakutana na majirani wasio wa dini yetu wakienda mashambani, nao watawaamkia "ugonile", wakiuliza mlilalaje. Waitikieni vizuri. Ujirani nao huhitaji miguu.

Kwa wiki ya kwanza dakika kumi zinatosha. Wiki ya pili ziwe kumi na tano, na mwezi ukiisha nusu saa itakuwa imezoeleka. Anayekosa siku moja asihesabu kuwa ameshindwa, bali aanze tena kesho yake baada ya salamu.

Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr (r.a.) kuwa mwili wake una haki juu yake. Haki hiyo tutaulizwa, kama tutakavyoulizwa haki za wake, watoto na wazazi. Tunamuomba Allah atupe afya ya kumuabudu, nguvu za kuwatumikia watu wetu na umri wenye manufaa. Aamin.