Kumkata Bata Mzinga Bila Kumharibu

Mara nyingi bata mzinga huokwa vema kwa muda wa saa tatu au nne, kisha huharibiwa mezani kwa dakika chache. Wageni wameketi, baba mwenye nyumba ameshika kisu cha mkate, na kila akikata, nyama humeguka kama iliyotafunwa. Mama aliyeamka alfajiri hana la kufanya ila kutazama. Aibu hiyo yaepukika, maana kazi hii yataka kujua viungo vilipo, wala si nguvu.

Kwanza mpishi sharti awe na hakika kwamba bata ameiva. Rangi ya ngozi si ushahidi. Kipimajoto kikichomekwa katika sehemu nene ya paja, mbali na mfupa, na katika kidari pia, hakina budi kuonyesha nyuzi 74 za Selsiasi. Akisha kutoka katika joko, aachwe nusu saa. Akikatwa papo hapo, maji yake humwagika ubaoni na kidari hubaki kikavu. Bata mkubwa hapoi upesi, kwa hiyo hapana haja ya haraka.

Kisu kiwe kirefu, chembamba, na kilichonolewa siku ile ile. Kisu butu huteleza, na ndicho kikatacho vidole.

Kazi huanzia miguuni. Ngozi iliyo baina ya paja na kiwiliwili hukatwa, kisha paja husukumwa nje kwa mkono hata kichwa cha mfupa kichomoke. Hapo kisu hupita katika gegedu bila taabu. Anayegonga mfupa amepotea njia. Asogeze kisu kidogo, asikatekate. Paja hutengwa na mguu wa chini katika kiungo cha goti. Mguu huo una kano nyingi ngumu, hivyo nyama yake hukatwa kwa kufuata urefu wa mfupa, na kano zikang'olewa.

Kidari ndicho kinachowashinda wengi. Desturi ya Uingereza, iliyoelezwa katika kitabu cha Bi. Beeton cha mwaka 1861, ni kukikata kikiwa bado mwilini, mezani, mbele ya wageni. Ni tamasha zuri kwa aliye stadi. Asiye stadi afadhali afanyie kazi jikoni: apitishe kisu kando ya mfupa wa katikati, akishuka taratibu juu ya mbavu, hadi upande mzima utoke. Kisha aulaze ubaoni na kuukata kwa kukingama nyuzi za nyama, kila kipande kikibaki na ngozi yake. Nyama iliyokatwa hivyo huwa laini hata kwa mzee asiye na meno mengi.

Limebaki suala la firigisi. Kwa Waganda firigisi ya kuku ni haki ya mwenye nyumba. Bata mzinga ni mgeni aliyetoka Marekani, na kila nyumba yaweza kujiamulia. Mpishi naye astahili kufikiriwa.

Mabaki yasilale mezani. Katika muda wa saa mbili nyama yote ibanduliwe mifupani na kuwekwa katika jokofu, ambamo hufaa kwa siku tatu au nne. Pasipo jokofu, iliwe siku hiyo hiyo. Mifupa ichemshwe kwa vitunguu na karoti, ipatikane supu ya jioni.