Ulimi, Tundu na Mkia: Juu ya Kiungo Kimoja cha Useremala

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi meza ya mbao yenye rafu ya chini inavyoundwa, na kuchunguza kiungo chake kimoja ambacho hakijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Meza yenyewe si ngeni kwa mkazi wa Nairobi. Apitaye Barabara ya Ngong kuelekea Dagoretti Corner, au aingiaye vichochoro vya Kawangware, huiona kando ya njia: miguu minne, ubao wa juu, na chini yake rafu ya magazeti. Neno meza lilitujia kutoka Kireno na rafu kutoka Kiarabu, wala hakuna ayaonaye leo kuwa mageni.

Fundi huanza na fremu. Vipande vinavyoshikilia ubao wa juu huungwa na miguu kwa ulimi na tundu: ncha ya kipande hupunguzwa kwa msumeno ikawa nyembamba, nayo huingia katika tundu lililochimbwa mguuni kwa patasi. Kiungo hiki hustahimili vyema uzito unaoshuka. Udhaifu wake ni mvuto. Meza ikiburutwa sakafuni na miguu ikataka kutanuka, ni gundi peke yake izuiayo ulimi usichomoke.

Kwa sababu hiyo vipande viwili vya chini, vibebavyo rafu, vyahitaji kiungo cha namna nyingine. Ncha zake huchongwa zikawa nyembamba shingoni na pana mwishoni; mguuni huchongwa pengo la umbo lilo hilo, na ncha husukumwa humo kutoka ubavuni. Ikishaingia, umbo lenyewe hukataa mvuto, hata gundi ikichoka. Mwinamo wa mbavu zake hutegemea mbao: sehemu 1 kwa 6 kwa mbao laini kama saiprasi, 1 kwa 8 kwa mbao ngumu kama mvule. Mwinamo ukizidi, pembe humeguka. Ukipungua mno, ncha huteleza.

Rafu hukatwa pembe zake nne ili ikumbatie miguu. Haigandishwi kwa gundi pande zote, bali huachiwa nafasi ya milimita 2 au 3, kwani ubao hutanuka kwa upana wakati wa masika na kusinyaa katika ukavu wa Januari.

Sasa tukiite nini kiungo hiki cha chini? Waingereza walimwona njiwa ndani yake. Wajerumani, Wafaransa na Waitaliano wakamwona mbayuwayu. Ikiwa ni lazima tumchague ndege, njiwa afaa zaidi, maana mkia wake hufunguka kama kipepeo, ilhali wa mbayuwayu hugawanyika panda. Lakini kwa maoni yetu ndege si wa lazima. Seremala anao tayari ulimi na tundu. Tukisema ulimi mnyoofu na ulimi mkia, tundu nyoofu na tundu mkia, mwanagenzi atatambua mara moja kwamba ni ndugu wawili, na kwamba tofauti yao i katika umbo.

Jambo hili si la kamusi tu. Useremala katika shule za sekondari za mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Fundi aliyepitia darasani hulitaja jina la Kiingereza kwa matamshi yake. Aliyejifunza kibandani huonyesha kwa kidole. Mnunuzi, naye, hana neno la kudai akilipiacho. Huuliza iwapo meza ni imara, huambiwa ni imara sana, na baada ya miezi michache hugundua misumari iliyofichwa chini ya vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, vanishi ikiwa imepakwa juu yake.

Droo zina shida yake, kwa kuwa hapo mikia huwa mingi na hupishana na vipande vya ubao wa pili. Hivyo twaona vyafaa kuitwa meno.