Sauti na Mitambo (6): Utepe Utangulie, Kompyuta Ifuate

Kila ifikapo Oktoba 27, Siku ya Urithi wa Picha na Sauti Duniani, vyombo vya habari hukumbuka kwa siku moja kwamba yapo maghala yaliyojaa kanda zinazoharibika. Safari hii pia ilitajwa ile tahadhari ya UNESCO ya mwaka 2020, iliyotoa makadirio ya wataalamu kwamba ifikapo 2025 hivi ingekuwa vigumu mno kuhamisha kanda za sumaku kwa utaratibu wa kawaida, kwa sababu mashine za kuzisomea na vipuri vyake vinakwisha. Ukomo huo umetufikia. Swali lililotawala taarifa hizo ni lile la siku zote: ni saa ngapi za sauti ambazo zimekwisha kuingizwa kwenye kompyuta? Ni swali la haki, lakini limetangulia lingine lililo kubwa zaidi. Mashine ya zamani ya treki nyingi inapounganishwa na programu ya kurekodi, ni ipi kati ya hizo mbili inayoshika mwendo? Msimamo wangu ni kwamba utepe ndio unaostahili kutangulia, kompyuta ifuate, na kwamba kelele ile iliyorekodiwa kwenye treki ya mwisho iwe saa ya utepe, ambayo wahamishaji wengi huiruka, ni sehemu ya kazi kama zilivyo sauti za waimbaji. Vichwa vya kurekodi, oksidi na upana wa utepe vilikwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia, kwa hiyo sitavirudia.

Tuanze na ukubwa wa tatizo lenyewe. Kinasa sauti kizuri, kilichotunzwa na kupimwa, kinaweza kwenda mbele au nyuma ya kasi yake kwa sehemu moja katika elfu na kisihesabiwe kuwa kibovu. Katika wimbo wa dakika nne, sehemu moja katika elfu ni karibu robo ya sekunde. Kwa hiyo ngoma iliyo kwenye utepe na gitaa lililo kwenye kompyuta vikianza pamoja barabara, mwisho wa wimbo vitakuwa vimeachana kwa robo ya sekunde, ilhali sikio huanza kusikia mapigo mawili badala ya moja hata pengo likiwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tena kosa hilo halitulii. Rili inayotoa utepe huanza ikiwa imejaa na nzito, huisha ikiwa nyepesi, na mvuto hubadilika. Mpira unaokandamiza utepe kwenye kapstani, yaani mhimili unaouvuta, hukauka na kuteleza. Mota ikipata moto hubadili tabia. Kompyuta haina habari na hayo. Ndani yake mna fuwele ya kwatzi inayotetemeka kwa uthabiti, na kwa kuifuata hiyo sekunde hukatwa vipande 48,000 vinavyolingana, viitwavyo sampuli. Ndiyo maana kubonyeza vitufe viwili kwa mkupuo mmoja hakusaidii. Kosa huzaliwa njiani, mwanzoni halipo.

Wapo waliolitatua tatizo hili bila kompyuta, na namna walivyolitatua inafundisha kuliko vitabu vingi vya mwongozo. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Beatles walikuwa katika studio za EMI, barabara ya Abbey Road jijini London, wakirekodi "A Day in the Life". Studio ilikuwa na vinasa vya Studer J37, mashine za vali zenye utepe wa inchi moja na treki nne tu. Katikati ya wimbo liliachwa pengo la vipimo 24 vya muziki, bila yeyote kujua litajazwa na nini, na Mal Evans, msaidizi wa bendi, alivihesabu kwa sauti mpaka mwisho, ambapo saa ya kengele ililizwa. (Kengele hiyo haikuondolewa na inasikika hadi leo.) Baadaye ikaamuliwa kwamba pengo hilo lijazwe na okestra ya watu 40, na mtayarishaji George Martin akataka ipigwe na kurekodiwa mara kadhaa, moja juu ya nyingine, iwe kama watu 160. Treki za kubeba yote hayo hazikuwepo. Fundi mitambo Ken Townsend akaombwa aziunganishe mashine mbili, na siku ya okestra, Februari 10, jibu lake lilikuwa tayari. Katika treki moja ya utepe wa kwanza alirekodi mlio wa mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na umeme wa majumbani wa Uingereza. Utepe huo ulipochezwa, mlio ukasomwa, ukakuzwa kwa vikuza-umeme mpaka ukapata nguvu ya kuendesha mota, kisha ukapelekwa kwenye kapstani ya mashine ya pili. Mashine ya pili haikula tena umeme wa ukutani, bali ililishwa na mlio uliotoka kwenye utepe wa kwanza. Wa kwanza ukilegea, mlio unashuka, na kapstani ya pili inalegea vilevile. Wa kwanza ukikaza mwendo, ya pili nayo inakaza. Ni kama wawili waliobeba kitanda: wa nyuma hupima hatua zake kwa za wa mbele, hata wa mbele akichechemea.

Nadhani hapo ndipo ulipo ukubwa wa akili ya Townsend, na inasikitisha kwamba wimbo unajulikana dunia nzima na jina lake linajulikana na wachache. Hakupoteza muda kutafuta mashine isiyokosea. Alizifanya mashine mbili zikosee pamoja, na hilo likatosha. Zaidi ya hapo alichagua vema kiongozi. Utepe uliotangulia ndio uliokwisha kubeba uimbaji, yaani kitu ambacho kisingerudiwa vilevile. Mashine iliyofuata ilikuwa tupu, ikingoja kuandikwa. Hata hivyo njia yake ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Mlio wa mizunguko 50 unaeleza kasi lakini hauelezi mahali. Ukiusikiliza huwezi kujua kama uko katika dakika ya kwanza au ya tatu, kwa sababu mzunguko mmoja unafanana na mwingine. Kwa hiyo mahali pa kuanzia palitiwa alama kwa penseli ya nta juu ya utepe, na mashine zikaanzishwa kwa mkono na kwa kubahatisha.

Upungufu huo uliondolewa na watu wa televisheni, na wao waliazima wazo kutoka kwenye viwanja vya majaribio ya makombora, ambako vipimo vilikuwa vikiandikwa kwenye utepe pamoja na saa yake. Kutokana na hayo ulipatikana msimbo wa saa uliokuja kusanifishwa na chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani, SMPTE. Kila fremu ya picha inapewa biti 80, na ndani yake kuna saa, dakika, sekunde na namba ya fremu. Biti 16 za mwisho hazina habari yoyote ya saa. Ni sifuri mbili, moja kumi na mbili mfululizo, sifuri, halafu moja. Mfuatano huo haupatikani mahali pengine popote ndani ya msimbo, na kwa kuwa ncha zake mbili hazifanani, mashine inayousoma inajua si tu kwamba fremu imekwisha bali pia kama utepe unakwenda mbele au unarudi nyuma. Ukiusikiliza, ni mkwaruzo mkali. Kwa fremu 25 kwa sekunde biti zinapita 2,000 kila sekunde, na mlio wake unarukaruka kati ya mizunguko 1,000 na 2,000, palepale sikio lilipo jepesi. Ndiyo maana mafundi waliuweka kwenye treki ya pembeni kabisa, ya 24, na walioweza kumudu waliiacha ya 23 wazi ili usivujie kwenye muziki. Studio zilizounganisha mashine mbili za treki 24 zilipata treki 46, siyo 48, kwa sababu kila utepe ulilazimika kuitoa moja kuwa saa yake.

Kompyuta ilipoingia studio ilikuta mfumo huo tayari. Sauti ya treki ya 24 inapelekwa kwenye kisanduku cha kuoanishia, ambacho huisoma na kuipa programu anwani, yaani mahali utepe ulipofika, kupitia waya wa MIDI, ule wa kuunganishia ala za elektroniki. Anwani moja hukatwa vipande vinane, vinne kwa kila fremu, kwa hiyo kompyuta huhitaji fremu mbili nzima ili ijue iko wapi. Lakini kosa linalowapata wengi linakuja baadaye kidogo. Programu nyingi zikishapata anwani huanza mahali panapotakiwa, kisha hushika njia yao wenyewe kwa fuwele yao. Skrini inaonyesha kwamba zimeungana, sekunde za mwanzo zinaridhisha, na fundi anaondoka akiamini kazi imekwisha. Mwisho wa wimbo robo ya sekunde ile inarudi. Muungano wa kweli unataka kitu cha pili, nacho ni saa ya sampuli inayotengenezwa na kisanduku kutokana na msimbo wenyewe, ili hizo sampuli 48,000 zirefuke na kufupika pamoja na utepe. Kimsingi ni kazi ileile ya Townsend, ila mlio wa kuendesha mota umekuwa mapigo ya kuendesha tarakimu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa mafundi wenyewe. Wanasema saa inayoyumba huchafua ugeuzaji wa sauti kuwa tarakimu, kwa hiyo heri kompyuta ibaki kwenye fuwele yake na mota ya utepe ilazimishwe kuifuata. Hoja yao kuhusu usafi wa saa naikubali. Dawa yao siikubali, kwa sababu gharama yake inalipwa na utepe. Utepe ukiwa mfuasi, kila fundi anaporudi mwanzo wa kiitikio mashine inakimbiza rili, inapitiliza, inarudi, kisha inazunguka sekunde kadhaa kabla ya kushika mwendo. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi iliyonyonya unyevu; hunata kwenye vichwa na kuacha oksidi yake hapo, na hupashwa moto wa nyuzi 50 hadi 55 kwa saa nyingi ili zichezeke kwa muda tu. Utepe wa namna hiyo una safari chache zilizobaki. Kompyuta inaweza kurudi mwanzo mara elfu bila kupoteza chembe, kwa hiyo adha ya kukimbia huku na huko ni haki yake. Na ikiwa lengo ni kuhifadhi tu, siyo kuongeza vyombo vipya, mnaweza kuipata faida ya pande zote: iacheni fuwele itulie, pitisheni treki zote 24 kwa mkupuo mmoja, na ya msimbo iingie ikiwa sauti kama nyingine. Hapo saa ya utepe nayo imeingia kwenye kompyuta, na programu itaisoma siku yoyote.

Wapo watakaouliza, kama treki zote zimeingia kwa pamoja, msimbo una faida gani tena? Una faida pale wimbo ulipogawanywa katika rili mbili, pale utepe ulipofungamana na filamu, na pale kinanda cha elektroniki kilipoongozwa na msimbo huo bila chenyewe kurekodiwa. Ukiufuta, rili ya pili inabaki yatima. Wengine watasema programu za leo zinaweza kuoanisha na hata kutenganisha sauti zenyewe, na watataja "Now and Then" ya mwaka 2023, ambapo sauti ya John Lennon ilichomolewa kutoka kwenye kaseti ya nyumbani. Kazi ile ilikuwa nzuri, na ilifanyika kwa sababu kaseti haikuwa na njia nyingine. Lakini programu inayokisia haiwi shahidi. Pale ambapo fundi alikwisha kuandika saa fremu kwa fremu, kukisia ni kumdharau, na dharau hiyo naiona kila mahali tunapotupa tusichokielewa kwa kisingizio cha kusafisha.

Kwa upande wetu, kanda nyingi za robo inchi za redio hazina treki ya msimbo, na hazihitaji haya yote. Lakini wanamuziki wetu pia walifika kwenye studio za treki nyingi. Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, kwa mfano, albamu yao ya 1989 ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Popote zilipo kanda za namna hiyo, anayezifungua aanze na kasha kabla ya rili, kwa maana humo ndimo fundi alimoandika idadi ya fremu kwa sekunde. Kama hakuna kilichoandikwa, atazame namba ya mwisho ya fremu kabla sekunde haijabadilika. Ikiwa ni 23, ni msimbo wa filamu. Ikiwa ni 24, ni ule wa fremu 25 unaotumika Ulaya na kwetu. Ikiwa ni 29, asubiri dakika ibadilike, isiyo ya kumi, aone kama fremu 00 na 01 zimerukwa. Zikirukwa, ni ule wa televisheni ya Marekani wa fremu 29.97. Zisiporukwa, huenda ni 30 kamili na huenda ni 29.97 usioruka, na hapo hakuna kipimo cha kumsaidia, kwa kuwa tofauti ya hizo mbili ni ileile sehemu moja katika elfu ambayo utepe wenyewe unaweza kukosea. Jibu liko kwenye karatasi ya fundi, kama kasha halijatupwa.