Kabla ya Kupiga Hema Mlimani: Namna ya Kupanga Kambi katika Hifadhi ya Mlima Elgon

Msimu wa kiangazi unapokaribia, maswali yanayofika katika madawati yetu ya uhusiano wa polisi na jamii hubadilika. Wengi huuliza kuhusu safari za mlimani: vijana wa kwaya, wanafunzi walio likizoni, familia zinazotaka kuwaonyesha watoto mlima wanaouona kila asubuhi lakini hawajawahi kuukanyaga. Tunafurahi kuulizwa mapema, kwa kuwa swali linaloulizwa kabla ya safari hujibiwa kwa maneno, na lile linaloulizwa baada ya mtu kupotea hujibiwa kwa tochi, kamba na machela.

Mlima Elgon ni wa nchi mbili. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Koitobos, chenye mita 4,222, kiko upande wa Kenya. Katikati kuna kasoko pana ya volkano iliyozimika zamani, na humo unatoka mto Suam, ambao hushuka ukifuata mpaka kabla ya kuendelea kwa jina la Turkwel hadi Ziwa Turkana. Kenya ilitenga hifadhi yake ya taifa mwaka 1968, na Uganda ikafanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko juu hakuna uzio unaogawa nchi hizi mbili. Ukungu ukishuka, mtu anaweza kuvuka mpaka bila kujua, na ndugu zake wakaanza kumtafuta katika nchi ambayo hayumo.

Ndiyo maana tunasema kwamba sehemu ya kwanza ya kambi ni taarifa unayoiacha nyumbani. Hema, chakula na blanketi vinafuata baadaye.

Taarifa inayoachwa nyuma

Tuchukue mfano wa vijana sita wa mji wa Bukwo wanaotaka kupanda kwa njia ya Piswa, inayoanzia Kapkwata. Wawili kati yao wana shangazi huko Kitale, nao wamemwambia kwamba “huenda” watateremkia upande wa Kenya. Wazazi wao Bukwo wanajua watarudi Jumapili. Shangazi anadhani watafika kwake Jumamosi. Jumatatu ikifika bila habari, wazazi watadhani wako Kitale, naye shangazi atadhani walighairi wakarudi Bukwo. Siku mbili zitapotea bila mtu yeyote kupiga simu, na katika baridi ya mlimani siku mbili ni nyingi mno kwa mtu aliyevunjika mguu.

Karatasi moja ingetosha kuziba pengo hilo. Iandikwe majina kamili ya wote, namba za simu zao na za jamaa mmoja wa kila msafiri, njia watakayopanda na watakayoshukia, kambi watakayolala kila usiku, jina la mwongoza njia, rangi ya mahema, ugonjwa au dawa za yeyote miongoni mwao, na siku pamoja na saa ya kurudi. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili kwenye ofisi ya hifadhi langoni, na ya tatu kwa mwenyekiti wa LC1 au katika kituo cha polisi kilicho karibu. Kwa ndugu zetu wa Kenya, chifu au wazee wa Nyumba Kumi watafaa vilevile. Taarifa hii haina malipo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kutoa taarifa ya kurudi. Msafiri aliyeshuka salama akaenda kulala bila kuwajulisha walioshika karatasi yake anaweza kuwafanya askari wapande mlima usiku kumtafuta mtu aliyekwisha kuoga na kunywa chai.

Kuchagua mahali na majira

Si kila kambi ni ya kila mtu. Familia yenye watoto wadogo haina haja ya kupanda juu. Kituo cha Kapkwai, karibu na maporomoko ya maji ya Sipi, kina uwanja wa kupigia hema na njia fupi za msituni. Upande wa Kenya, viwanja vilivyo karibu na lango la Chorlim vinafikika kwa gari. Usiku mmoja au miwili mahali kama hapo humfundisha mtoto mengi kuhusu mlima bila kumweka hatarini.

Wanaotaka kilele wana njia tatu kuu upande wa Uganda. Njia ya Sasa, inayoanzia Budadiri, ni fupi lakini kali: siku ya kwanza pekee mtu hupanda zaidi ya mita 1,600. Njia ya Piswa ni ndefu zaidi, ila kupanda kwake ni kwa taratibu. Njia ya Sipi huanzia Kapkwai na kupita msituni. Asiyewahi kulala juu ya mlima asiichague njia kwa sababu tu ina siku chache.

Majira bora ni kuanzia Juni hadi Agosti, na kuanzia Desemba hadi Machi. Hata hivyo mlima huu hauna siku iliyo na hakika ya ukavu, na mvua hupenda kuanguka alasiri. Panga kuondoka mapema na kufika kambini kabla ya saa tisa, ili hema lisimame ukiwa bado na nuru. Usipige hema kwenye mkondo wa maji uliokauka wala chini ya mteremko wenye nyufa. Watu wa Bududa hawahitaji kukumbushwa maporomoko ya ardhi ya Machi 2010 yaliyofukia nyumba pamoja na waliokuwamo.

Tena, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti ni wa imbalu. Barabara za Bugisu hujaa, na vijana wengi wanaobeba mizigo ya wageni huwa na shughuli za ukoo. Anayepanga safari wakati huo aweke miadi mapema.

Vibali na mpaka

Kupanda mlima upande wa Uganda hufanywa pamoja na askari wa hifadhi anayeongoza njia, na mipango yake hufanywa katika ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Upande wa Kenya, wahusika ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ada hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni wengine, kwa hiyo njoo na kitambulisho cha taifa. Uliza bei ya sasa ofisini, ulipe huko huko, upewe risiti. Anayekutoza njiani bila risiti hana mamlaka hayo, nasi tungependa kusikia habari zake.

Safari ya kupandia nchi moja na kushukia nyingine inawezekana, lakini ni lazima ipangwe kabla na mamlaka za hifadhi za pande zote mbili pamoja na maofisa wa uhamiaji. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Ruhusa hiyo inahusu vituo rasmi vya mpakani kama Suam, na haimruhusu mtu kuteremkia popote kupitia njia za panya. Msiyachukulie haya kuwa usumbufu wa makaratasi. Jangili na mlanguzi hupita njia hizo hizo usiku, na doria inayokutana na watu sita gizani haina namna ya kuwatofautisha ila kwa orodha iliyotangulia.

Tunasema hivi kwa uzito. Mwaka 2008 mtalii mmoja alipigwa risasi akafa usiku akiwa kambini, upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Msindikizaji mwenye silaha, kambi inayojulikana na orodha iliyopo langoni ni ulinzi wa mgeni na wa mwenyeji pia.

Mambo manne yanayoua kambini

La kwanza ni moto ndani ya hema. Usiku wa juu hukaribia kuganda, na mtu aliyezoea joto la bondeni hushawishika kuingiza jiko la makaa hemani. Makaa hutoa gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Walio ndani hupata usingizi mzito, na wengine hawaamki. Jiko la aina yoyote, hata likionekana limezimika, libaki nje. Joto lipatikane kwa blanketi nzito au mfuko wa kulalia, nguo kavu, soksi za sufu, kofia na godoro la kutenganisha mwili na ardhi. Tena usikate kuni hifadhini, na usiache moto bila mlinzi, kwa maana nyasi za juu zikishika moto wakati wa kiangazi hazizimiki kwa urahisi.

La pili ni ugonjwa wa mwinuko. Ukipita mita 2,500 hivi, hewa hupungua. Kichwa huuma, kichefuchefu hupanda, usingizi hukimbia. Dalili hizo zikija, usiendelee kupanda. Pumzika, unywe maji. Zikizidi, au mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo au kuhema akiwa amekaa, dawa ni moja tu: ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, akiwa na wa kumsindikiza. Nguvu za mwili na ujana havimkingi mtu.

La tatu ni mapango. Mlima Elgon ni maarufu kwa mapango yake, na lile la Kitum upande wa Kenya tembo huliingia usiku kulamba chumvi ya mawe. Katika miaka ya 1980 na 1987 wageni wawili waliofika Kitum waliugua ugonjwa wa Marburg. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulizuka wilayani Kween, ukaua watu watatu wa jamaa moja, na mmoja wao alikuwa amesafiri hadi Kenya akiwa mgonjwa. Marburg hubebwa na popo. Basi usiingie wala kulala katika pango lenye popo, usiguse kinyesi chao, na ukipata homa baada ya safari mweleze mganga kwamba ulikuwa mlimani.

La nne ni maji. Yachemshe, hata yakionekana meupe kama machozi. Kumbuka pia kwamba kwenye mita 3,500 maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagwe hayaivi huko hata ukayakesha. Beba unga wa ugali, wali, mayai yaliyochemshwa, karanga na chai, uokoe mafuta ya jiko lako.

Ongeza kwenye mzigo tochi na betri za akiba, koti la mvua, filimbi, dawa za huduma ya kwanza na simu iliyochajiwa na kuzimwa. Mawasiliano hupatikana sehemu na sehemu tu, kwa hiyo usiitegemee simu kuwa mpango wako. Milio mitatu ya filimbi, kimya, kisha mitatu tena, ni ishara ya kuomba msaada.

Wajibu wa wenyeji

Wenzetu wanaoishi kando ya hifadhi, wakiwamo wanaoingia kwa makubaliano na hifadhi kuchuma malewa, kuokota kuni na kurina asali, ndio wanaouona mlima kuliko sisi. Tunawaomba mambo matatu.

Mkikutana na kambi msiyoitarajia, msiwavamie wala kuwafukuza waliomo. Hema ni nyumba, na nyumba hupigiwa hodi, tena kwa sauti na kutoka mbali, mchana. Mkiona dalili za mashaka, kama watu wanaojificha, wenye silaha au wanaokwepa njia, msiwakabili. Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji au piga 999 au 112, namba zinazofanya kazi katika nchi zote mbili. Na mkimpata aliyepotea, mpeni joto na kitu cha kunywa, na mtume mtu langoni, bila kujali ametoka upande gani.

Mkubaliane pia na wageni juu ya ujira wa kubeba mizigo kabla ya safari, kwa maandishi na mbele ya ofisi ya hifadhi. Ugomvi mwingi wa mlimani huanza pale bei inapotajwa siku ya kushuka.

Turudi kwa vijana wetu sita. Wakikaa jioni moja na wazazi, wakakata shauri kwamba wanashuka Kapkwata na si Kitale, wakampigia shangazi asiwasubiri, wakaacha karatasi tatu na kuondoka na mwongozaji, safari yao haitapungua utamu hata kidogo. Na mmoja wao akiteguka mguu siku ya tatu, kutakuwa na watu wanaojua alipo kabla hata hajapuliza filimbi.

Tunawatakia safari njema. Pitieni kituoni mnapokwenda, na mpitie tena mnaporudi.