Hati za Waendao Kufanya Kazi Ng'ambo

Safari ya kwenda kutafuta kazi mbali na kwao si jambo jipya kwa watu wa nchi hii. Tangu zamani za Wadachi, na baadaye katika siku za Waingereza, watu wa nchi za kati walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine wa kusini walivuka mipaka wakaingia katika machimbo ya dhahabu ya Afrika ya Kusini. Walioandikwa kwa mkataba waliitwa manamba, maana kila mmoja alipewa namba yake. Mwaka 1926 Serikali ya Tanganyika iliweka Idara ya Kazi, na Meja Orde-Browne akawa mkuu wake wa kwanza. Na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandika watu, ambayo wengi waliijua kwa jina la SILABU.

Hatusemi kwamba manamba walitendewa haki, wengi hawakutendewa. Walakini ilikuwako desturi moja katika siku zile ambayo ingefaa kukumbukwa. Mkataba wa kwenda mbali ulitakiwa usomwe mbele ya ofisa wa Serikali, na mfanya kazi aulizwe kama ameufahamu na kama anakwenda kwa hiari yake. Yaani alikuwapo mtu wa tatu, asiyepata faida yo yote katika safari ile, wa kutazama karatasi na kumtazama mtu mwenyewe usoni.

Siku hizi safari ni ya ndege, na nchi ziendewazo ni Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar na nyinginezo. Habari za kazi hizo huwafikia vijana wa Babati, wa Magugu, wa Dareda na wa Gallapo kwa njia ya simu, au kwa jamaa aliyetangulia, au kwa dalali ajaye siku ya mnada na maneno matamu. Kazi nyingine ni za kweli kabisa, na wako watu waliojenga nyumba na kusomesha wadogo zao kwa mshahara wa ng'ambo. Lakini pamoja na kazi za kweli umekuja udanganyifu, na udanganyifu huo karibu kila mara umeandikwa katika karatasi. Kwa hiyo twataka kueleza jinsi karatasi hizo zinavyopimwa. Na maneno yetu twayaelekeza hasa kwa watendaji na wenyeviti wa vijiji, na kwa walimu, maana wao ndio mlango wa kwanza, ingawa wengi wao hawajui.

Mlango wa kwanza ni upi? Ni barua ya utambulisho. Mtu akitaka kitambulisho cha Taifa, au pasi ya kusafiria, huanza kwa kuomba barua kwa mtendaji wake, yenye kusema kwamba huyu ni fulani, mzaliwa wa hapa, tunamfahamu. Mtendaji huandika mistari minne, hupiga mhuri, na hufikiri kazi yake imekwisha. Kumbe ofisa aliyeko Babati mjini, au Arusha, au Dar es Salaam, hamjui mtu yule hata kidogo. Anamjua kwa barua ile tu. Kama barua imesema uongo, basi kila hati itakayoandikwa baadaye itakuwa hati halali ya Serikali iliyojengwa juu ya uongo, na hapo ni vigumu sana kuugundua. Tuseme binti wa miaka 16 ameletwa na dalali, naye dalali anasema ana miaka 22. Ofisa wa mbali atamwona msichana mrefu na barua yenye mhuri. Ni mtendaji, pamoja na mwalimu aliyemfundisha, wanaokumbuka alimaliza darasa la saba mwaka gani.

Jambo la umri laweza kupimwa pasipo elimu kubwa. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu ishirini, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Weka namba hiyo kando ya cheti cha kuzaliwa, kisha weka pasi, kisha fungua kitabu cha shule cha kuandikia wanafunzi. Hati nne hizi hazikutoka katika ofisi moja. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, namba hutolewa na NIDA, pasi na Idara ya Uhamiaji, na kitabu cha shule kimeandikwa na mwalimu siku ambayo hakuna aliyekuwa akifikiri habari za Oman. Zikipatana zote, ni vema. Kama tatu zinasema mwaka 2003 na kitabu cha shule kinasema 2009, yafaa kuuliza sana kabla ya kupiga mhuri, na hasa kutazama kama hati zile tatu zimeandikwa mwaka huu huu.

Hapa lazima tuseme neno juu ya majina, asije mtu mwema akaitwa mwongo. Katika wilaya zetu mtu huwa na jina la nyumbani, na jina la dini, na jina aliloandikwa shuleni na mwalimu asiyejua Kiiraqw wala Kigorowa, akaliandika kama alivyolisikia. Mmoja ataandikwa kwa jina la baba, mwingine kwa jina la babu. Kutofautiana kwa herufi mbili si wizi. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili, na tena ifanywe mapema, kabla ya kuomba pasi. Dalali mwerevu huwatisha watu kwa jambo hili dogo, akasema, Nipe fedha nikutengenezee. Mtu akitengenezewa, ndipo anapokuwa na hati ya kughushi mkononi, na mwenye kosa mbele ya sheria ni yeye aliyeichukua na kuionyesha. Kanuni ya Adhabu yaruhusu kifungo cha hata miaka saba kwa mwenye kughushi.

Sasa tuje kwenye vyeti vya elimu na vya ufundi, ambavyo waajiri wa ng'ambo huvitaka kwa madereva, mafundi wa umeme, wauguzi na walimu. Wengi hudhani cheti hupimwa kwa kukitazama: karatasi ni nzito, mhuri unang'aa, basi ni cha kweli. Hivyo sivyo. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 Rais Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. Fikiri, msomaji: vyeti hivyo vilikuwa vimepita katika meza nyingi, vikatazamwa na watu wenye miwani na elimu, na wenye navyo wakafanya kazi miaka mingi. Havikugunduliwa kwa macho. Viligunduliwa kwa kulinganishwa na orodha iliyowekwa na Baraza la Mitihani lenyewe. Tena katika taarifa ile walikuwamo watu waliokuwa wakitumia vyeti vinavyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Yaani karatasi yaweza kuwa ya kweli, na aliyeishika asiwe mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo ni hii: karatasi haijishuhudii yenyewe. Cheti cha mtihani kiulizwe kwa Baraza la Mitihani, kwa namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Mwalimu mwenye simu aweza kuanza mwenyewe, kwa kuwa Baraza huonyesha matokeo ya mitihani ya miaka iliyopita katika intaneti. Atazame kama alama za namba ile ni zile zile zilizo katika cheti. Cheti cha ufundi kiulizwe kwa VETA au kwa chuo kilichokitoa. Cheti cha tabia njema hutolewa na Polisi baada ya kuchukua alama za vidole. Na pasi za sasa, zilizoanza kutolewa mwezi wa Januari mwaka 2018, zamtaka mwombaji afike mwenyewe mbele ya Uhamiaji na kutoa alama za vidole vyake. Mtu akiletewa pasi nyumbani ambayo hakuitolea alama, hiyo si pasi yake, hata kama picha ni yake.

Lakini tungekuwa tumeeleza nusu tu kama tungeishia hapo. Mara nyingi mtafuta kazi hana uongo hata mmoja, na hati zake ni safi kama maji ya mlima Kwaraa. Uongo uko upande wa pili. Hati za wakala na za mwajiri nazo ni hati, na zina haki ya kupimwa kwa ukali ule ule. Ni ajabu kwamba twamtaka kijana alete karatasi saba, na wakala twamwamini kwa kadi moja yenye picha ya ndege.

Wakala wa ajira hana budi kuwa na leseni ya wizara ya Serikali inayoshughulikia kazi. Mwulize jina kamili la kampuni na namba ya leseni, kisha uliza wizarani, au ofisi ya kazi ya mkoa. Na unapouliza, usitumie namba ya simu iliyochapwa katika karatasi aliyokupa yeye, maana aliyeweza kuchapa leseni ya uongo ataweza pia kumweka ndugu yake ajibu simu. Namba itafute wewe mwenyewe. Tena tazama habari ya fedha. Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani wasema kwamba kwa kawaida wakala hapaswi kumtoza mtafuta kazi ada. Anayelipa ni mwajiri anayemhitaji mtu. Basi dalali akimwambia mzazi auze ng'ombe wawili kwa ajili ya "kufungua faili", mzazi asiuze kwanza.

Katika mkataba tazama mambo haya: jina la mwajiri na mji wake, kazi yenyewe, mshahara na fedha za nchi gani, saa za kazi, siku ya kupumzika, na nani atalipa nauli ya kurudi. Uwe katika lugha aijuayo mfanya kazi, na uwe umepita mikononi mwa ubalozi wetu ulioko katika nchi ile. Kisha tazama viza. Hapa ndipo wengi hukamatwa, kwa hiyo twakaza maneno. Mtu aendaye kazini hupewa viza ya kazi. Akipewa viza ya kutembea, na kuambiwa, Ukifika tutaibadili, basi kwa sheria ya nchi aendayo yeye ni mgeni wa kutembea tu. Hana mkataba wa kudai, na siku zikiisha atakuwa mkosaji. Na akiambiwa asipande ndege katika nchi yake, bali avuke mpaka apandie nchi jirani ili "kupunguza maswali", ajue kwamba maswali hayo yamewekwa kwa faida yake.

Mwezi wa Novemba mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa kitabu cha habari juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani katika Oman na Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50. Karibu wote walisema kwamba pasi zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala, na wako waliofanya kazi hata saa 21 kwa siku. Katika nchi hizo kibali cha kukaa cha mfanya kazi kimefungwa na jina la mwajiri wake, na akitoka nyumbani mwake bila ruhusa aweza kuhesabiwa kuwa mtoro. Ndiyo sababu mkataba mbovu, ambao hapa Babati ni karatasi tu, kule huwa ukuta.

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wasiosoma. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya iliwaonya watu wake juu ya kazi nzuri zilizotangazwa katika nchi ya Thailand. Vijana waliokwenda, wengi wao wenye elimu na vyeti halali, walivushwa mpaka wakaingizwa Myanmar, wakalazimishwa kuwaibia watu kwa njia ya intaneti. Vyeti vyao vilikuwa vya kweli. Mwajiri ndiye aliyekuwa wa uongo.

Mtendaji au mwalimu akiona shaka, asigombane na dalali wala asimfukuze, kwa kuwa atahamia kijiji cha pili jioni ile ile. Na achukue nakala ya karatasi, aandike jina, namba ya simu na namba ya gari, kisha apeleke habari kituo cha polisi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Na. 6 ya mwaka 2008, yawahusu wanaompeleka mtu kwa udanganyifu hata kama mtu mwenyewe alikubali kwenda, na iko Sekretarieti chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa ajili ya kazi hiyo.

Na kwa yule ambaye hati zake zimepimwa zote zikaonekana njema, kabla hajapanda basi la Arusha yamfaa aache nyumbani bahasha moja, na ya pili kwa mtendaji. Ndani yake ziwemo nakala ya ukurasa wa pasi wenye picha, nakala ya viza na mkataba, jina la wakala na namba ya leseni yake, jina la mwajiri na mtaa akaao, na anwani ya ubalozi wetu ulio karibu, kama ni Muscat, au Abu Dhabi, au Riyadh, au Doha. Wapatane na jamaa siku ya kupiga simu. Siku hiyo ikipita kimya, na ya pili ikapita, mzazi ataichukua bahasha aende nayo kwa mtendaji, na ubalozi utaweza kuulizwa habari za mtu mwenye jina, namba na nyumba inayojulikana.